SAA YA ZIADA INA BEI YAKE

Ndugu askari wa jeshi na polisi, popote mlipo, makambini, vituoni, kwenye vizuizi vya barabara na katika doria za ziwani.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Kabezi na Magara hadi Rumonge, na kutoka Rumonge kuelekea Nyanza-Lac, kazi nyingi hazingoji saa. Ngazi za michikichi zikisha kukatwa haziwezi kukaa siku nyingi bila kuchemshwa na kukamuliwa, kwa maana kadiri zinavyokaa ndivyo mafuta yake yanavyozidi kuharibika na kupoteza thamani. Ndagala wakifikishwa ufukoni alfajiri hapana budi waanikwe siku ile ile, jua likiwa bado kali. Shehena ikiingia bandarini Rumonge usiku, mwenye mali hapendi kungoja mapambazuko. Na lori lililopangiwa kufika Bujumbura kabla soko halijafunguliwa halina subira na mpakiaji aliyechoka. Hayo ndiyo maisha ya mwambao, na hakuna mwenye akili atakayetaka shughuli hizo zisimame kwa sababu jua limekuchwa.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo halina budi kujibiwa waziwazi. Mtu akiisha kumaliza saa zake za kazi, kisha akaambiwa aendelee, saa zile anazoongeza zina thamani gani? Wapo waajiri wanaojibu kwamba ni sehemu ya kazi ya siku, na kwamba mwenye kutaka kazi asihesabu saa. Wapo na wafanyakazi wanaoamini kwamba hiyo ni hisani wanayomfanyia bwana wa kazi ili asiwafukuze. Majibu yote mawili hayapatani na sheria. Sheria ya Burundi inasema kwamba saa ya ziada ina bei yake, na bei hiyo ni kubwa kuliko ya saa ya kawaida.

Sheria yenyewe ni Kanuni ya Kazi, iliyotangazwa tarehe 7 Julai 1993 na kufanyiwa marekebisho kwa sheria ya tarehe 24 Novemba 2020. Kipimo chake cha kawaida ni saa 8 kwa siku na saa 40 kwa wiki. Mfanyakazi anayeongozwa na kipimo hicho akivuka mpaka huo kwa agizo la mwajiri wake, saa 2 za kwanza za ziada hulipwa ujira wa kawaida pamoja na nyongeza ya asilimia 35. Saa zinazofuata hulipwa pamoja na nyongeza ya asilimia 60. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu hulipwa maradufu, ingawa haki hiyo ya maradufu humfikia yule aliyekwisha kutimiza mwaka mmoja kazini. Zipo kazi zilizotengwa na kipimo hiki, zikiwamo za usalama wa taifa, za ulinzi wa makazi na za uchukuzi wa barabarani. Jambo hilo linawagusa wasikilizaji wa leo moja kwa moja, na litaelezwa kwa mahali pake.

Hesabu ya saa za ziada si ngumu. Na achukuliwe kwa mfano mfanyakazi wa kinu cha mawese anayepata faranga 1,000 kwa saa, kiasi kilichochaguliwa hapa kwa wepesi wa hesabu tu. Anaingia kazini saa 1 asubuhi, anapumzika saa moja kwa chakula cha mchana, na saa 10 jioni amekwisha timiza saa 8. Stahili yake ya siku ni faranga 8,000. Siku ya Ijumaa, akiwa anakamilisha saa zake 40 za wiki, ngazi zinaletwa nyingi kuliko kawaida, naye anaambiwa abaki hadi saa 1 usiku. Hizo ni saa 3 za ziada. Saa 2 za kwanza zina thamani ya faranga 1,350 kila moja, yaani faranga 2,700. Saa ya 3 ina thamani ya faranga 1,600. Jumla ni faranga 4,300. Mwajiri atakayempa faranga 3,000 akidhani amelipa, amebaki na faranga 1,300 za mfanyakazi. Atakayempa faranga 1,000 ya chai, amebaki na faranga 3,300. Na yule atakayempa asante na dua njema, amebaki na zote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini saa ya ziada ilipwe zaidi ya saa ya kawaida, ilhali kazi ni ile ile na mikono ni ile ile. Sababu ya kwanza ni kwamba mikono si ile ile. Mtu aliyesimama mbele ya pipa la mawese yanayochemka tangu asubuhi, jioni hana tena wepesi aliokuwa nao mapema. Ndipo ajali zinapotokea, mguu ukateleza, au kidole kikabanwa na mashine. Saa hiyo ya jioni ameitoa katika usingizi wake na katika wakati aliokusudia kukaa na watoto wake, na kwa hiyo humgharimu zaidi.

Sababu ya pili haisemwi mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kwa nchi. Nyongeza ile ni breki. Imewekwa ili mwajiri, kila anapotaka kuwabakiza watu wake hadi usiku, akae na kupiga hesabu kwanza. Wafanyakazi 8 wakiongezewa saa 3 kila mmoja, jumla ni saa 24, ambazo ni sawa na kazi ya siku nzima ya watu 3. Kwa mfano wa ujira uliotajwa, saa hizo 24 za ziada zitamgharimu mwajiri faranga 34,400. Akiwaajiri watu 3 wapya kwa saa za kawaida, zitamgharimu faranga 24,000. Hivyo sheria inamwambia mwajiri kwa lugha anayoielewa, lugha ya fedha, kwamba kazi ikizidi kila siku ni afadhali aongeze watu. Katika Rumonge, ambako vijana wengi wanatafuta vibarua, na ambako wengi waliorejea kutoka uhamishoni Tanzania hawakupata tena mashamba ya kutosha kulima, breki hiyo si jambo dogo. Pale saa za ziada zinapofanywa bure, breki hukatika, na gharama yake huwaangukia wawili: yule anayefanya kazi kupita kiasi, na yule anayekaa nje ya lango bila kazi.

Kanuni hii haikuzuka Bujumbura peke yake. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani ulikutana Washington, na mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na malipo ya saa za ziada yasipungue robo moja zaidi ya ujira wa kawaida. Burundi iliridhia mkataba huo mwaka 1971. Kwa hiyo asilimia 35 ya Burundi imepita kiwango cha chini kilichowekwa na mkataba huo, na saa 40 za wiki ni chache kuliko zile 48. Kwa maandishi, mfanyakazi wa Burundi hakupunjwa.

Tatizo kubwa liko katika msingi ambao asilimia hizo zinajengwa juu yake. Asilimia 35 ya kitu kidogo ni kitu kidogo zaidi. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi asiye na ujuzi kiliwekwa mwaka 1988 kuwa faranga 160 kwa siku katika miji ya Bujumbura na Gitega, na chini ya hapo kwingineko, nacho kilidumu bila kubadilishwa kwa zaidi ya miaka 30, huku bei za vitu zikipanda mwaka hadi mwaka. Faranga 160 zikigawanywa kwa saa 8, kila saa ni faranga 20. Saa 2 za kwanza za ziada zingekuwa faranga 27 kila moja, na ya 3 faranga 32. Jumla faranga 86 kwa saa 3 za usiku. Hakuna haja ya kumweleza mke wa askari anayekwenda sokoni Rumonge kwamba fedha hiyo haiweki kitu kikapuni. Ni kweli kwamba soko lenyewe limekwisha kukipita kima hicho, na waajiri hulipa zaidi ya hapo. Lakini pale mfanyakazi asipokuwa na mkataba unaotaja ujira wake, sheria haina msingi mwingine wa kumshikia. Ndiyo maana swali la saa za ziada haliwezi kutenganishwa na swali la mshahara wenyewe.

Tena wapo wafanyakazi ambao hesabu ya saa haiwafikii kwa urahisi. Wavuvi wanaotoka jioni na karabai zao na kurudi alfajiri hawalipwi kwa saa. Hugawana mavuno baada ya kutolewa gharama za mafuta na za chombo. Wachukuzi wa bandarini hulipwa kwa gunia au kwa bidoni. Mtu wa namna hiyo akilala bila kulipwa, shida yake kwa kawaida haimo katika idadi ya saa, bali katika hesabu iliyofanywa na mwenye chombo peke yake, gizani. Haki yake ya kwanza ni kuonyeshwa hesabu: zimeuzwa ndagala kiasi gani, kwa bei gani, na mafuta yaliyokatwa ni lita ngapi. Hesabu ya wazi ndiyo inayozuia ugomvi wa ufukoni, na askari wa doria wanaujua ugomvi huo kuliko mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo lilipo jambo lenye manufaa makubwa kuliko yote kwa mfanyakazi, nalo ni maandishi. Haki ya saa za ziada mara nyingi hupotea kwa kukosa ushahidi. Mwajiri atasema mtu aliondoka saa 10. Mfanyakazi atasema aliondoka saa 1 usiku. Na kati yao hakuna karatasi. Wazee wa Burundi wanazo habari za kipande. Katika enzi ya ukoloni watu wengi wa Urundi walivuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na huko walipewa kadi yenye nafasi za siku 30. Kila siku iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Kipande kilikuwa chombo cha kumbana mtu, kwa maana siku ambayo haikutiwa alama ilikuwa kama haikuishiwa. Lakini kilifundisha kwamba mwenye kushika maandishi ndiye anayeshika hesabu. Leo mfanyakazi hana haja ya kungoja kadi ya bwana wa kazi. Daftari dogo la shule linatosha: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la aliyetoa agizo la kubaki, na jina la mwenzake aliyekuwapo. Daftari hilo peke yake halimshindi mtu mbele ya hakimu, lakini mwezi mzima ulioandikwa siku kwa siku una nguvu kuliko kumbukumbu iliyotungwa siku ya kufukuzwa. Na mwajiri mwaminifu naye hunufaika, kwa sababu kitabu cha mahudhurio kilichotiwa saini na pande zote mbili humkinga na madai ya uongo.

Mwambao wa Rumonge unatazamana na Kongo ng'ambo ya maji, na kusini yake, baada ya Nyanza-Lac, kuna Kigoma. Watu huvuka huku na huku kutafuta riziki, na kila wanapovuka huingia chini ya sheria nyingine. Nchini Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inaweka mpaka wa saa 45 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Na mfanyakazi hapaswi kuzidishiwa zaidi ya saa 50 za ziada katika muda wa wiki 4. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki, nayo pia hulipa mara moja na nusu, na maradufu kwa sikukuu. Kwa hiyo mtu anayetoka Rumonge kwenda Kigoma atalipwa nyongeza kubwa zaidi kwa saa ya kwanza ya ziada, lakini itambidi afanye kazi saa 5 zaidi kwa wiki kabla hajaanza kuihesabu. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Itifaki hiyo haikuweka kiwango kimoja cha saa za ziada kwa nchi zote. Ilichoweka ni kwamba mfanyakazi wa nchi mwanachama asibaguliwe kwa uraia wake katika ajira na malipo. Kibarua kutoka Kigoma anayefanya kazi Rumonge anastahili kuhesabiwa kama Mrundi, na Mrundi aliyeko Kigoma vivyo hivyo.

Hali ya mtu mmoja kuwa chini ya sheria mbili ni ya kawaida sana Marekani. Huko ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1938, inayotaka saa zinazopita 40 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu. Na kila jimbo linaweza kutunga sheria yake juu ya hiyo. California, kwa mfano, huhesabu hata siku moja iliyopita saa 8. Sheria mbili zikikutana juu ya mfanyakazi mmoja, hufuatwa ile yenye kumfaa zaidi. Kanuni hiyo ina busara inayoeleweka kila mahali: sheria ya juu ni sakafu, mtu asishushwe chini yake, lakini hakuna anayekatazwa kumpandisha. Mkataba wa kazi nao ni hivyo hivyo. Mwajiri wa Rumonge anaweza kuahidi nyongeza ya asilimia 50. Hawezi kuandika asilimia 10 na kudai kwamba mfanyakazi amekubali.

Sasa yafuate yale yanayowahusu askari wenyewe. Mwanajeshi na polisi hawamo katika Kanuni ya Kazi. Wanazo sheria zao maalumu, na hawaruhusiwi kuunda vyama vya wafanyakazi. Tanzania na Kenya nazo zimewatenga askari na sheria zao za ajira. Sababu inaeleweka: zamu ya ulinzi haiwezi kukatika saa 8 zikitimia, na adui hatazami saa. Lakini kutengwa na hesabu ya saa si sawa na kusahauliwa. Marekani, ambako wanajeshi hawamo katika sheria ya saa za ziada, polisi wa majimbo na miji waliingizwa kwa kipimo chao wenyewe baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya mwaka 1985. Huweza kuhesabiwa kwa muda wa siku 28, na saa zinazopita 171 hulipwa zaidi au hurudishwa kama mapumziko ya saa moja na nusu kwa kila saa moja. Mfano huo unaonyesha kwamba nidhamu ya askari na hesabu ya uchovu wake vinaweza kukaa pamoja. Kamanda anayepanga zamu kwa haki, akahakikisha aliyekesha Jumatatu halali macho wazi tena Jumanne, anatenda kwa askari wake kile ambacho sheria ya kazi inakusudia kwa raia.

Historia imeonyesha pia njia isiyofaa. Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku chache baadaye moto huo ukawashwa Uganda na Kenya. Serikali za nchi hizo changa zikalazimika kuita majeshi ya Uingereza, yaani mkoloni aliyekuwa ametoka juzi. Jeshi lile la Tanganyika likavunjwa, na jeshi jipya likaundwa mwaka huo huo. Madai ya mshahara yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini yaliposhikwa kwa bunduki yaliugharimu uhuru wenyewe heshima. Funzo hilo lina pande mbili: askari asidai kwa silaha, na serikali isingoje mpaka adai.

Siku ya kuvua sare nayo haina budi kufikiriwa. Wengi wanaotoka jeshini na polisi huajiriwa na makampuni ya ulinzi, wakalinda maduka, maghala na nyumba za watu. Hiyo ni moja ya kazi zilizotengwa na kipimo cha saa 40. Wizara inayohusika na kazi iliwahi kutoa mwongozo unaoruhusu makampuni ya ulinzi wiki ya saa 72, bila kuhesabu mafunzo. Saa 72 ni saa 12 kwa siku 6. Anayekubali kazi hiyo akidhani kwamba saa zote zinazopita 40 zitalipwa kwa nyongeza atajikuta amekosea hesabu. Kwa hiyo askari mstaafu, kabla ya kutia saini, na aulize mambo matatu: zamu ni ya saa ngapi, mshahara uliotajwa ni wa saa ngapi kwa wiki, na nini kinalipwa pale mwenzake wa zamu asipofika naye akalazimika kuunganisha usiku na mchana. Majibu yaandikwe katika mkataba. Neno la mdomoni halivuki mwisho wa mwezi.

Mwisho ni wajibu wa askari aliye zamuni. Mara kwa mara polisi huitwa kinuni, ghalani au ufukoni kwa sababu wafanyakazi wamekataa kuondoka mpaka walipwe. Mwajiri atasema wanaleta fujo. Wafanyakazi watasema wamedhulumiwa. Ni vyema ikumbukwe kwamba kudai ujira si kosa la jinai. Mtu anayesimama langoni akiomba malipo ya saa zake hapaswi kutiwa ndani kwa sababu aliyempigia polisi simu ana gari. Vilevile, mfanyakazi anayebeba bidoni za mawese za mwajiri akidai amejilipa mwenyewe, au anayempiga msimamizi, ametoka katika haki na kuingia katika kosa, hata kama deni lake ni la kweli. Kazi ya askari ni kulinda amani kati ya hao wawili na kuwaelekeza mahali panapostahili.

Mahali hapo ni kwa Mkaguzi wa Kazi. Yeye hujaribu kwanza kupatanisha, na upatanisho ukishindikana shauri huenda mahakamani. Burundi iliridhia mwaka 1971 mkataba wa kimataifa wa ukaguzi wa kazi, ambao unampa mkaguzi mamlaka ya kuingia mahali pa kazi panapokaguliwa wakati wowote, mchana au usiku, bila kutoa taarifa kwanza. Mkaguzi hana bunduki wala pingu. Nguvu yake hutegemea sana kuheshimiwa kwake na wale walio nazo. Polisi anayemsindikiza mkaguzi mpaka mlango wa kinu kilichofungwa kwa ndani analinda sheria sawasawa na yule anayekamata mwizi wa usiku.

Ndugu askari, amani ya mwambao hailindwi kwa doria peke yake. Hulindwa pia pale mfanyakazi anapoondoka kinuni saa 1 usiku akijua kwamba zile saa 3 zimeandikwa, zimehesabiwa, na zitalipwa mwisho wa mwezi kwa kiasi kilichowekwa na sheria. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kugombana langoni. Anakwenda nyumbani kulala, ili kesho aamke na nguvu za kuanza saa yake ya kwanza.